Nyongeza ya Mkorosho

Leo wazungu wametufukuza kivulini ili magari yapumzike.

Ndiyo, magari!

Mimi na wifi yangu Zuhura tulitandika jamvi chini ya mkorosho, tunauza mihogo ya kuchemsha kwenye maonyesho ya wakulima hapa Nachingwea. Wakaingia wazungu wa mradi wa karanga na chama chao cha magari ya kizamani. Makweche hayana hata paa, viti vyeupe pe kama kanzu ya Idi. Na wanayapangusa kwa leso!

Karani wao akatufokea: "Nyie akina mama, hameni! Magari haya hayataki jua."

Sisi ndio tunalitaka?

Tukahama. Zuhura akatazama juu, mabibo yameiva tele. Akafungua mdomo awaonye. Nikamfinya.

Nyinyi mngewaonya?

Alasiri upepo ukavuma. Pwa! Pwa! Pwa!

Doa la bibo mnalijua: nguo huchakaa, lenyewe lipo.

Bwana mkubwa wao akaja mbio, uso umemwiva kuliko mabibo. "Mama! Kwa nini hapana sema?"

Nikamenya muhogo wangu taratibu.

"Si mlitaka kivuli, bwana? Hayo mabibo, mkorosho umewapa nyongeza."