A Yangu Yenye Mkia

Sisi tulioanza shule kabla ya daftari kutufikia, tuliandika kwa kidole. Mchanga baridi, umande bado uko, kamasi zinashuka, na mwalimu anapita nyuma yako viatu vikilia kwi-kwi. Mfukoni una kiazi kitamu cha kuchoma kinachokuunguza paja, na huruhusiwi kukigusa mpaka kengele. Mapumziko tunacheza kati, wawili wanarusha mpira wa majani ya mgomba na wa katikati anaukwepa, na kunipiga mimi Wambui ilikuwa kazi. Nilikuwa na mbio! Watoto wa leo ghorofa moja tu wanatafuta lifti.

Shida yangu ilikuwa herufi a. Nikimaliza kitumbo chake na kijiti chake, kidole hakisimami; kinateremka, kinajikunja, a inaota mkia. Mwalimu akaita darasa zima lije kutazama.

"Wambui, hii ni a ama ni panya?"

Walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Nikachapwa viganja, na jina likawa Kapanya. Baba alipopata habari akasema, "Kama ni panya anachora, heri achunge mbuzi." Shule ikaishia hapo. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka nikijua kichwa changu ni jiwe. Kwenye kikundi chetu cha akina mama, karatasi ikipitishwa nasema nimesahau miwani.

Halafu binti yangu, nesi huku Doha, akanileta nimlelee mtoto wake, wajina wangu. Tulikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa watu wa Poland. Siku moja mtoto wao, Ola, amelala kifudifudi kwenye zulia letu akiandika kazi ya shule, AC inanguruma. Nikachungulia. Nikaona a yangu. Na mkia wake!

"Futa haraka, utachapwa!"

Mama yake alikuwa amefika kumchukua. Alipoelezwa ninachopigia kelele, akacheka, akasema maneno kwa Kiingereza. Wajina akanitafsiria: "Shosho, si makosa. Ni herufi yao. Ukiisoma, sauti inapitia puani."

Mama Ola akaitamka, kama mtu mwenye mafua. Nikamnyang'anya Ola penseli, nikaandika ya kwangu huku nikiwasimulia ya mwalimu na panya. Mama Ola akainua kidole gumba juu.

"Shosho, kumbe ulikuwa unaandika Kipolandi bila kufundishwa!" wajina akasema.

Nilicheka sana. Kisha nikaingia jikoni nikalia, maana jiwe gani linaandika herufi za Wazungu likiwa darasa la kwanza?

Siku hizi wajina akikosea, mwalimu wake anakaa chini naye, anamuuliza, "Ulitaka kuandika nini hapa?" Anangoja ajibu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Utamu wa viazi vyetu watoto wa leo hawaujui, mbio zetu hawaziwezi, na mmoja wao akianguka mara moja anapelekwa kupigwa picha ya mifupa. Lakini lile swali la mwalimu, hilo nawaonea wivu. Kwa mengine yote tuliwazidi.