Mlingoti Ulionitoa Kazini

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya rangi, kule Kilembe, sikupewa brashi. Nilipewa msasa na mlango wa chuma, nikaambiwa nisugue mpaka niambiwe basi. Fomani wetu alikuwa ametoka jeshini, tukimwita Afande, na hakujua kuongea taratibu. Nilipomaliza akapitisha kidole, akakuta tundu la msumari. Akawaka.

"Wewe! Hii nini?"

"Tundu, Afande."

"Maji itaingia wapi?"

"Kwa tundu, Afande."

"Basi ziba! Tundu yoyote unaona, ziba! Hakuna kuuliza!"

Nikaziba. Ninyi vijana mnaopulizia rangi juu ya uchafu mkaenda zenu, hamwezi kuelewa. Bonde la Kilembe lina unyevu, na chuma kikipata maji kinaliwa na kutu kwa ndani huku nje rangi bado inang'aa. Basi nikawa mtu wa kuziba.

Baadaye nikahamia Bwera, kwa Hajji mmoja mwenye gereji ya malori ya wafanyabiashara wa Kongo. Hapo nilijifunza fila, ile pati ya kuzibia mashimo ya bodi za magari, unayoichanganya na dawa ya kuigandisha. Ukizubaa kidogo, inakuwa jiwe. Hajji alikuwa mpole. Akipita nyuma yangu husema tu, "Mashallah, Baluku, hapa hata inzi atateleza." Nilifurahi sana, sifichi. Nikazeekea kwenye fila.

Gereji yangu ya mwisho ilikuwa Kasese mjini, na bosi alikuwa mwanamke kijana tukimwita Madamu Meneja. Asubuhi moja lori likashusha bomba jeupe, refu kupita ukuta wetu, rangi imebanduka. Nikauliza kama ni nguzo ya simu.

"Ni mlingoti wa mashua ya tanga," Madamu akasema. "Wa Papa Kasereka, yule Mkongo wa Bwera aliyenunua mashua kule ziwani." Halafu akaniangalia usoni. "Mzee Baluku, watu wanasema macho yako yamechoka. Kazi hii ikitoka vizuri, unabaki mkuu wa rangi. Ikiharibika, nitakuomba upumzike."

Nipumzike nifanye nini? Nyumbani kijijini Kyondo kuna shamba la kahawa, na kahawa mimi siijui. Niliogopa sana.

Hapo ndipo akili ilianza kunichanganyikia. Mlingoti wenyewe ulikuwa wa alumini. Sufuria! Nani alishawahi kupaka sufuria rangi? Alumini haishiki kutu, inatoa unga mweupe, hasa palipo na skrubu za chuma. Nilijaribu praima yetu nyekundu ya chuma, ile rangi ya kutangulia, ikabanduka kwa ukucha. Muuza rangi akanipa praima nyingine, inayong'ata alumini, akaniambia nisugue na kupaka siku hiyo hiyo, maana alumini ikilala inavaa ngozi ambayo macho hayaioni. Ngozi gani hiyo? Nikatii, rangi ikashika. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nikampigia Papa Kasereka simu nimuulize anautakaje.

"Mzee, nataka iko laini, laini sawa motokari mupya!" Simu ikakatika.

Sasa, mgongoni mwa mlingoti kulikuwa na ufa mwembamba, umenyooka kutoka chini hadi juu. Niliuzunguka asubuhi nzima. Umepasuka? Ufa gani unanyooka hivyo? Madamu akasema mimi ndiye fundi. Welda wetu, mchomea vyuma, akasema labda kiwandani waliishiwa madini. Nikamsikia Afande kichwani: maji itaingia wapi? Nikaziba. Fila, msasa, tena fila, tena msasa, praima, rangi nyeupe. Ukapendeza mpaka wapita njia wakasimama.

Papa Kasereka akaja na tanga lake limekunjwa begani. "Eh, Mzee, iko muzuri sana!" Akapitisha kidole mgongoni mwa mlingoti. Akarudia. Akainama.

"Mzee, njia iko wapi?"

"Njia gani?"

"Ya kupandisha tanga! Ilikuwa shimo hapa, murefu!"

"Ule ufa? Nimekuzibia."

Akakaa chini juu ya tairi. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka. Madamu hakucheka.

Akalikunjua tanga, akanionyesha kamba iliyoshonewa ukingoni. Kamba ile ndiyo huingia kwenye ule ufa, na tanga likapanda nayo. Aibu ikanishika mpaka masikioni. Na hasira pia! Si yeye aliyetaka motokari mupya? Motokari gani ina mfereji mgongoni?

Tulichokoa ile fila, mimi na yeye, kwa bisibisi iliyopindwa, polepole tusiikwaruze alumini, mpaka kiuno changu kikakataa. Nikapaka tena rangi kwenye kingo kwa brashi ndogo. Rangi ilipokauka akaingiza kamba upande mmoja, akaniambia nivute. Tanga likateleza hadi mwisho bila kukwama.

"Madamu," akasema, "huyu mutu usimutoshe kazi, usimufukuze."

Madamu akakubali. Nikabaki, nikamshukuru Mungu.

Gari lililofuata lilikuwa na tundu mlangoni. Nikashika kisu cha fila, nikasimama. Hili ni la nini? Dereva hajui. Welda hajui. Nikachanganya fila, ikaganda kisuni nikiwa bado natazama tundu. Nikachanganya nyingine, nayo ikaganda. Madamu alikuwa ananiangalia dirishani. Nikavua ovaroli, nikaikunja, nikampelekea mwenyewe kabla hajaniomba nipumzike.

Siku hizi niko Kyondo, kwenye kahawa nisiyoijua. Juzi binti yangu akaniita jikoni: "Baba, wewe ni fundi, tuzibie hili shimo la ukutani." Nikachuchumaa, nikalitazama sana.

"La nini hili?"

"La panya, Baba."

"Una hakika?"