Pumzi ya Arelda

Arelda Newball hakuwa mtu wa kutulia. Tangu kimbunga kipite kisiwa cha Providencia na kung'oa paa la nyumba ya mama yake, kahawa aliinywa amesimama, na kanisani aliinuka kabla sala haijaisha. Kila asubuhi alijitosa baharini kwa pumzi moja, kama marehemu baba yake alivyomfundisha walipokuwa wakitafuta kome, akaenda kuutazama mwamba uliovunjwavunjwa na mawimbi. Dakika tatu, basi. Macho yakianza tu kuzoea, kifua kinamfukuza juu. Aliuchukia mno huo mwendo wa kurudi juu.

Ndipo aliposikia kuna kikosi cha kupanda matumbawe upya. Kinataka watu sita, lakini wawe na cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Arelda akajiandikisha siku hiyo hiyo. Ana miaka arobaini na minne, na hakuna mwanamume wa kijiji chao cha Bottom House anayemshinda kwa pumzi. Cheti gani kitamsumbua? Mwalimu alikuwa Ransford, binamu yake, mdogo kwake kwa miaka kumi.

Kumbe ule ujuzi wake ndio uliomponza. Sheria ya kwanza ya mtungi ni kutobana pumzi kamwe, maana ukipanda nayo inatanuka na yaweza kukupasua mapafu. Arelda alilijua hilo kwa kichwa. Kifua hakikujua. Akifika chini tu, kinajifunga chenyewe, mapovu yanakoma, na Ransford anamgonga begani mpaka atoe hewa, kisha anampandisha. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu vilevile.

"Dada, pumua bwana! Hewa tele mgongoni, unamwekea nani?"

"Nimepumua."

"Umepumua wapi? Nimehesabu mpaka arobaini sijaona povu hata moja!"

Wazee waliokuwa wakicheza dhumna gatini walikuwa wakingojea hapo hapo. "Arelda!" mmoja akapiga kelele. "Huo mtungi wape wenye shida, wewe huna kazi nao!"

"Chezeni dhumna zenu, wambea nyie!" akawarushia pezi la mpira. Alicheka nao, lakini mtungi aliutua kwa kishindo.

Ransford aliliokota lile pezi. "Kesho ndiyo mwisho, dada. Mashua ya matumbawe inaondoka Jumatatu. Ukibana tena siweki sahihi, hata shangazi, mama yako, anifukuze kwake."

Jioni ile kwenye mazoezi ya kwaya ya Kibaptisti, Arelda alikaa, akainuka, akakaa tena. Bi Ermina, kiongozi wao, akachoka naye. "Wewe Arelda, kama huwezi kukaa, imba basi! Toa pumzi yote mpaka mwisho wa mstari, ndipo uvute nyingine."

Akaimba. Katikati ya ubeti wa pili akanyamaza ghafla, akajishika kifua. Hakikuwa kimejifunga hata mara moja.

Asubuhi wakashuka mita nane, hadi pale baba yake alipokuwa akipenda kuzamia. Kifua kikaanza kujifunga. Arelda akauma mpira wa kupumulia na kuanza kuimba wimbo wa jana. Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyefungiwa chooni, lakini mapovu yakamwagika. Mwisho wa mstari akavuta. Akaimba. Akavuta. Ransford alikuwa akimkodolea macho.

Kufika ubeti wa nne alikuwa amesahau kuimba, na mapovu yaliendelea kutoka. Alikuwa anatazama. Chini ya tumbawe lililokatika, mahali alipopita mara elfu, palikuwa na ukingo wa tumbawe hai linaloota upya, wa rangi ya kahawia, usiozidi ukucha. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Ransford akainua kidole gumba, ishara ya kupanda. Arelda akatikisa kichwa. Akainua tena. Akatikisa tena.

"Nimekuita mara nne!" Ransford akafoka walipoibuka. "Karatasi yako naitia sahihi leo, ila utaniua kwa presha!" Kisha akaona machozi. "Sasa unalia nini? Si umefaulu?"

"Vitu vidogo kama hivi baba hakuwahi kuviona," Arelda akasema. "Miaka yote ile pale pale, Ransford, na kwa pumzi moja hakuwahi kukaa akatazama."