Kiti Kimoja cha Kwenda Kindu

Uwanja wa ndege wa kwanza niliouona maishani ulinukia samaki. Si mafuta ya ndege, wala moshi. Hayo yalikuja baadaye. Ulinukia samaki wa Lualaba wakikaangwa katika mafuta ya mawese, na wali mpya uliokuwa ukitokota chini ya banda la mabati, pembeni mwa njia ndefu ya udongo mwekundu. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Wamaza kwa pikipiki, siku mbili barabarani, mama akiwa amembeba mgongoni mdogo wangu Amisi, na mimi nimebanwa katikati yao na dereva. Paja la Amisi lilikuwa limevimba na kung'aa kama bilinganya. Daktari wa Kasongo alilibonyeza mara moja tu, akaandika karatasi, akasema usaha umeingia mfupani, na mtu wa kumpasua yuko Goma. Baba alikuwa Salamabila anachimba dhahabu, na ujumbe tuliomtumia ulikuwa bado haujamfikia. Kwa hiyo tuliketi kwenye uwanja wa Kasongo kungoja ndege ya Kindu, ambako tungepanda nyingine ya Goma.

Tulingoja siku tatu. Jengo la abiria lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mabenchi, mizani kubwa ya kupimia mizigo na watu, na meza ambapo kijana mmoja aliuza biskuti, sabuni, betri na vocha za simu. Nyuma ya pazia la kijani palikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Hapo palikuwa mahali pa wakubwa, na mkubwa asipokuwepo alilala paka. Kila asubuhi karani wa safari alitoka na redio yake, akasikiliza mikwaruzo, kisha akatangaza kwamba ndege iko Kindu, au mvua iko Kindu, au hakuna habari yoyote kutoka Kindu. Watu waliguna, wakarudi kwenye banda la chakula. Mwenye banda alikuwa mwanamke mpana wa Kasongo mjini, aliyejifunga mtandio kichwani na kuswali nyuma ya magunia ya mchele. Siku ya kwanza aliniwekea sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila kuniuliza chochote. Mama, ambaye hakuwahi kula kwa mtu asiyemjua, aliitazama ile sahani kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, nishukuru.

Siku ya nne ndege ilikuja. Watu waliwafukuza mbuzi njiani, watoto wa jirani wakakimbia mpaka ukingoni, na kile chombo kidogo kikashuka kikirusha vumbi lililotuingia hadi kwenye meno. Tulipanga foleni kwenye mizani. Mama alipanda na Amisi, karani akaandika. Nilipoinua mguu nami nipande, akanizuia kwa mkono.

"Mama, kiti iko moja tu," alisema. "Huyu mugonjwa utamupakata. Huyu mukubwa hapana."

Mama alimwambia kwamba mimi ni mwepesi. Akamwambia nitakaa chini, miguuni pake. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwita rubani, na rubani akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa. Ndege nyingine haikujulikana itakuja lini, na Amisi usiku uliotangulia hakuwa amelia, jambo lililomtisha mama kuliko kilio. Pikipiki iliyotuleta ilikuwa imekwisha kurudi. Nakumbuka mama akizunguka pale alipokuwa, akitafuta uso mmoja anaoujua katika umati ule, na hakuwa na hata mmoja. Kisha akanishika mkono, akanivuta mpaka bandani.

"Mama, sikufahamu," alimwambia yule mwanamke. "Hata jina yako sijui."

"Naitwa Zuhura." Alikuwa ameshika mwiko, na hakuuweka chini. "Mutoto wako atakula kwenye mimi nakula, atalala kwenye mimi nalala. Nenda, utaachwa."

Mama alikwenda. Alitembea haraka, kichwa cha Amisi kikiyumba begani kwake, akapanda ngazi, na hakugeuka. Nililia mpaka nikatapika. Mama Zuhura hakunibembeleza; alinifuta uso kwa ncha ya mtandio, akanipa ungo wa mchele, akanionyesha jinsi ya kuchambua mawe.

Zilikuwa wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikaa nikitazama angani. Ya pili nilianza kuujua uwanja. Nilijifunza kwamba abiria wa Salamabila huagiza nyama na kula upesi, na wanaounganisha safari Kindu kwenda mbali huomba chakula cha kufunga kwenye majani. Nilijua kuisikia ndege kabla ya karani, na paka alinihamia mapajani. Adhuhuri, Mama Zuhura alipokwenda kuswali, banda lilikuwa langu. Jumapili, kwa kuwa kwetu tulisali kanisani, alinivalisha gauni la binti yake, akanisindikiza mwenyewe mpaka mlango wa kanisa, akaningoja nje chini ya jua. Siku moja ujumbe ulifika kwa redio ya karani: wamempasua Amisi, yuko hai. Nilifurahi, kisha nikaendelea kupakua maharagwe. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Kufikia wiki ya tatu, nilikuwa sina huzuni tena.

Siku mama aliporudi, banda lilijaa. Nilimwona akishuka ngazi, amekonda, Amisi mkononi, paja lake limefungwa bandeji kubwa nyeupe. Nilikuwa nimeshika sahani ya mzee mmoja. Nilimpelekea mzee sahani yake, nikamwekea na pilipili, ndipo nikakimbia. Ulikuwa muda mfupi sana, lakini mama alikuwa amesimama akinitazama, na uso wake ulikuwa na kitu nisichoweza kukisoma. Nilikua nikiamini kwamba siku ile nilimuumiza.

Sasa napanda ndege mara nyingi kwa sababu ya kazi. Mwezi uliopita nilikuwa Kinshasa, kwenye jengo la safari za ndani, nikingoja ndege ya Kindu iliyochelewa tangu alfajiri. Kuna vioo vya umeme vinavyotangaza saa za ndege, maduka ya manukato, mgahawa wenye picha za vyakula ukutani, na chumba chenye viti laini ambacho karatasi yangu ya safari iliniruhusu kuingia. Mtoto hawezi kuachwa pale na muuza wali. Angeulizwa hati, wangeitwa askari, na ni haki iwe hivyo. Niliwaza hayo, nikampigia mama simu. Yeye bado yuko Wamaza, na Amisi, ambaye anachechemea kidogo, analima jirani naye na hakumbuki chochote. Nilimweleza mama habari ya ile sahani.

"Nilikuona," alisema. "Njia yote kutoka Goma nilikuwa najiuliza nitakuta mutoto ya namna gani. Nikakukuta unapakulia watu chakula. Nikajua nilikuacha kwa mutu muzuri. Ungekuwa unalia, mimi ningejichukia mupaka leo."

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wangu mwenyewe, nimeketi kwenye kiti laini, na nilikuwa nimebeba kosa lisilokuwepo kwa muda wote huo.

Kisha mama akaniuliza kama nimekula. Nilitazama watu wote niliokuwa nao mle ndani tangu alfajiri, kila mmoja na simu yake. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo, wala mimi sikuwa nimemuuliza mtu. Nikamwambia mama ndiyo, nimekula. Haikuwa kweli.