Fundi wa breki anayeungoja mguu wa mkewe

Saa mbili asubuhi. Diski ya breki imetundikwa kwenye ndoano mbele ya dirisha, na mwanga unapenya kwenye matundu yake. Si yote. Mzee mwenye ovaroli iliyopauka anafumba jicho moja, anasogeza uso, anakunja midomo.

"Hili bado," anasema. "Na hili hapa, jeuri kweli."

Ukimwacha mwandishi aliyekuja kumtazama, gereji nzima yupo yeye na gari jekundu la mwendo kasi lililopandishwa juu ya stendi nne, halina gurudumu hata moja.

Mtaani wanamwita Taratibu. Kazi yake ni breki tu. Injini hagusi, rangi hagusi, redio ya gari ndiyo kabisa. Wenye magari ya kasi humletea diski za matundu, zile zilizotobolewa ili zipoe haraka dereva anapofunga breki kwa nguvu. Vumbi la breki hujaa kwenye matundu hayo, nalo hupikwa na joto mpaka huganda kama ukoko wa sufuria.

Bomba la upepo halitumii. "Vumbi hili ukilirusha hewani, ndiyo umeshayapikia mapafu chakula cha mchana," anasema huku akiweka sawa barakoa yake. Anachukua biti ya drili, nyembamba kuliko tundu, anaizungusha kwa vidole bila kuilazimisha. Akimaliza tundu moja anahamia jingine. Kisha anapiga brashi, ananyunyiza dawa ya kusafishia breki, anafuta kwa kitambaa kikavu. Mwisho hupitisha macho kati ya tundu na tundu akitafuta ufa. Diski yenye ufa hairudi kwenye gari, hata mwenye gari alie machozi.

Kazi hii, anaeleza, ilikuwa ya watu wawili.

"Mke wangu alikuwa anasimama upande ule wa diski, mimi upande huu. Anaweka jicho kwenye tundu, ananiambia, 'Hili bado, mzee, sikuoni.' Nachokonoa tena. 'Haya, sasa nakuona. Kumbe umezeeka hivyo!'"

Anacheka, halafu anakumbuka biti iliyo mkononi na kurudi kwenye tundu lake.

Mkewe hakuwa fundi wa magari. Alikuwa akishona nguo chumba cha pili kutoka gereji, na mwanzoni aliitwa kuja kusaidia kutoa hewa kwenye breki. Hapo mmoja hukaa kwenye kiti akakanyaga pedali, mwingine hulala chini akafungua skrubu ndogo ili mafuta ya breki yatoke pamoja na hewa iliyomo. Aliye juu akiinua mguu kabla skrubu haijafungwa, hewa inarudi ndani, na breki hiyo itamtupa mtu barabarani.

"Wasaidizi nimepata wa kila aina," anasema Taratibu. "Huyu anachezea simu, yule anasinzia. Mke wangu hajawahi kuachia kabla sijasema, hata siku moja. Balaa lake lilikuwa jingine. Nikisema 'achia', haachii! Nimelala pale chini, mafuta yananidondokea, yeye anasema, 'Sema tafadhali.' Na kweli hatoi mguu mpaka niseme."

Wateja wakampa jina la Mama Kanyaga, likamkaa.

Asubuhi moja, mwaka juzi, Mama Kanyaga aliinuka kitandani akaanguka. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia, kikachukua na maneno yote. Anasikia na anaelewa, lakini ulimi hautoi neno.

Nyumba ikapoa. Mwanzoni mafundi wa jirani walikuja kumpa pole kila jioni. Siku hizi wanapiga honi wakipita. Mtoto wao wa pekee yuko mbali kikazi, hupiga simu Jumapili. "Anauliza, 'Mama anaendeleaje?' Namwambia hajambo. Basi, maneno yameisha, tunabaki kusikilizana tukipumua." Jirani mmoja hukaa na mgonjwa asubuhi, na karibu nusu ya anachopata fundi huishia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Nilidhani upweke ni kukosa mtu," anasema. "Mimi mtu ninaye. Tunakaa tunatazamana, najua ana neno la kuniambia, na sijui ni lipi. Inauma sana hiyo."

Diski zimerudi mahali pake. Sasa ni zamu ya kutoa hewa, na Taratibu anaingiza ubao mrefu kati ya kiti na pedali, ameufunga mpira ili uendelee kusukuma. Analala chini ya ubavu wa gari, spana mkononi.

"Kanyaga," anasema.

Anangoja. Halafu, kwa sauti ndogo, anajijibu mwenyewe: "Nimekanyaga."

Akigundua kuwa mwandishi amemsikia, anaona haya. "Mazoea," anasema. "Ubao haujibu. Ila na tafadhali haudai."

Hapo katikati anaingia mwenye gari, mfanyabiashara aliyebandikwa jina la Bosi Mwekundu kwa sababu ya gari lake. Anauona ubao, anatikisa kichwa.

"Mzee wangu, si kuna mashine ya kusukuma mafuta? Mtu mmoja tu anamaliza kazi. Nakununulia mimi, zawadi. Acha kujitesa."

"Nipe muda kwanza, bosi."

"Muda wa nini tena, mzee?"

Taratibu anakaza skrubu yake. Mafundi wenzake waliposikia habari ya mashine hiyo walimwambia wazi kuwa hana akili. Bosi akishaondoka ndipo anasema kilichomo moyoni.

"Mashine ikiingia humu, kile kiti si cha mtu tena. Mke wangu nitamwambia arudi kufanya nini?"

Mchana anafunga gereji na kwenda nyumbani, mwandishi nyuma yake. Mkewe ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mto mdogo umemwegemeza kulia. Taratibu ananawa mikono kwa sabuni, anarudia, anarudia tena. Kisha anakaa sakafuni, anaweka kiganja chake chini ya mguu wa kulia wa mkewe, kimesimama kidogo, kama pedali.

Mtaalamu alisema mguu huo unaweza kurudi kidogo kidogo ukipewa kazi. Taratibu akaona kazi ipo, tena mguu wenyewe unaijua.

"Miezi ya kwanza hakikuja kitu," anasema. "Ilikuwa kama breki iliyojaa hewa. Nilikata tamaa, nakwambia ukweli. Juzi juzi nimeanza kusikia uzito. Mdogo."

Anageuka kwa mkewe. "Haya, mama. Kanyaga."

Vidole vya mguu vinacheza. Kiganja cha fundi kinarudi nyuma kidogo, kisha kinarudi zaidi, mpaka kiwiko kinagusa sakafu.

"Shikilia. Shikilia hapo hapo. Haya, achia."

Mguu hautoki.

"Achia, mama."

Bado. Uso wa Taratibu unabadilika. Ameshaonywa kuwa misuli inaweza kukakamaa. Anainua macho haraka kumtazama. Mkewe naye anamtazama, na upande mmoja wa mdomo wake umepanda juu.

Fundi anabaki vile vile, mkono chini ya mguu, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Tafadhali," anasema.

Mguu unaachia.

Kiti cha gari jekundu kiko chini mno, anasema hatimaye, mkewe hataweza kuinuka. Lakini fundi wa rangi ana pikapu kuukuu yenye kiti cha juu, na kesho atakwenda kuiomba ili mkewe akae akanyage.

"Na yule bosi ukimwona," anasema, akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, "mwambie mashine yake akae nayo."