Abiria wa Kwanza wa Kigari cha Bibi

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na kwa makosa ya kuandika. Shule niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua linawaka. Sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Asiyeamini aje Bagamoyo akione kigari chenyewe, kipo uani kwetu mpaka leo.

Nimelelewa na bibi yangu. Kama mabibi wengi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao, ananiita mume wangu. Mguu wake wa kulia haukunjiki tangu alipoteleza uani. Umenyooka kama mchi. Dada yake, Bibi Zuhura, anakaa Mlingotini, si mbali, lakini walikuwa hawajaonana uso kwa uso miaka mitatu. Walikuwa wakipigiana simu na kupiga kelele, kila mmoja akidhani mwenzake ni kiziwi.

Tulijaribu kumpeleka. Kwenye bajaji mguu ulitokeza nje kama boriti, muuza mikate wa baiskeli nusura aukwae. Kwenye taksi aliingizwa kinyumenyume, akatolewa kinyumenyume, akasema, "Mimi si kabati. Sipandi tena."

Ndipo ikaja habari kwamba mjukuu wa Bibi Zuhura anaolewa. Bibi yangu ni mpiga vugo, ile pembe ya nyati wanayopiga wanawake arusini, na alikwisha kumwahidi dada yake kuwa mtoto huyo atampigia yeye. Jioni ile hakula. Akaniambia, "Mume wangu, nisipofika safari hii, mimi na dada yangu tutaonana mmoja wetu akiwa kwenye sanda."

Mimi si mtu wa maneno. Lakini nilikumbuka alivyonisimulia kwamba utotoni aliiona pikipiki ya Mwarabu mmoja mwenye duka la nguo, ina kigari ubavuni, na mke wa Mwarabu amekaa ndani amenyoosha miguu kama yuko kitandani. Amenyoosha miguu! Nikamwomba anichoree. Akachora mchangani kwa fimbo yake: pua ndefu, mgongo wa mviringo, taa moja mbele kama jicho.

Miezi minne nilikuwa uani, natengeneza kigari cha kufunga ubavuni mwa pikipiki yangu. Fremu niliitoa kwenye mabomba ya kitanda cha chuma kilichovunjika. Mwili ni pipa la mafuta nililolipasua, nikaligonga bati kwa nyundo ya mpira juu ya kiroba cha mchanga, taratibu, mpaka likaviringa. Gurudumu na shokapu nilipata kwenye pikipiki mbovu. Bibi alishona kiti kwa mkono wake, sponji ndani, ngozi nyekundu ya bandia juu. Tukakipaka rangi ya maziwa na mstari mwekundu. Fundi Mahadhi, jirani yetu, ndiye aliyeniazima mashine ya kuchomelea, na kila jioni alikuja kucheka.

"Kiatu kizuri," alisema. "Kingine kiko wapi?"

Lakini ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo bila hilo nisingejua lililonipata. Alisema, "Kigari kiko kushoto. Ukikata kona ya kushoto kikiwa kitupu, gurudumu lake litanyanyuka juu. Mtu akikaa ndani, au ukiweka mchanga, halinyanyuki. Kwa hiyo jifunze na mchanga kwanza, usije ukamtupa bibi yako."

Nikafanya hivyo. Na kwa kuwa nawaonea haya vijana wa kijiweni, nilichagua Alhamisi saa sita mchana, wakati wamekimbilia kivulini. Bibi alinikataza. Jua la utosi, alisema, wapo wanaolitembelea. Nikamjibu nitarudi upesi. Laiti ningesikia! Au tuseme, ni heri sikusikia. Mtaamua wenyewe.

Nilikwenda na kiroba cha mchanga kitini, njia ya Mbegani, hiyo hiyo iendayo Mlingotini. Kona zote za kushoto, kigari kilitulia chini kama kuku anayeatamia. Nikasimama mahali hapana nyumba, nikapiga magoti kukaza nati moja. Kimya. Hata kunguru hakuna. Mara nyuma yangu nikasikia:

"Hodi."

Hodi barabarani! Hebu fikirini, pale kuna mlango gani? Lakini mimi nimelelewa na Bibi. Ukisikia hodi unaitika. Nikasema, "Karibu," kabla hata sijageuka. Hilo ndilo kosa langu, na naliandika wazi.

Nilipogeuka nilimwona mama wa makamo, baibui safi, leso nyekundu begani, ananukia udi. Viatu vyake havikuwa na hata chembe ya vumbi. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kiti hiki cha nani?"

"Cha bibi yangu. Jumamosi nampeleka arusini Mlingotini."

"Arusi!" Akapiga makofi kama mtoto. "Ni zamani sijaenda arusi. Nami umenikaribisha, au sivyo? Basi toa huo mchanga wako nikae."

Ningesemaje? Nilikwisha kusema karibu. Nikakitoa kiroba, nikamwaga mchanga kando ya barabara, akaingia, akanyoosha miguu. Nikawasha pikipiki.

Mbele kidogo kuna kona ya kushoto. Nikakata bila wasiwasi, kwani nilikuwa na mtu ndani. Gurudumu likanyanyuka.

Niaminini. Lilipanda juu, pua ya kigari ikatazama mbinguni, kama vile hapana mtu. Nikatazama kushoto. Yupo! Amekaa, ameshika ukingo kwa mikono miwili, leso inapepea, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Mtu mzima mwenye uzito wa unyoya. Ndipo nilipojua nimempakia nani.

Nywele zilinisimama. Nikakaza mikono, gurudumu likashuka. Yeye akasema neno moja tu:

"Tena!"

Mngefanya nini? Mimi nilirudia. Nilikata kona ile mara nne, kila nikiipita nageuza narudi kuianza upya, jasho linaniingia machoni, na kila mara gurudumu likipanda yeye anacheka. Na nitawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu: mara ya nne nilicheka na mimi. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Kicheko kilibaki peke yake, kikanifuata mpaka nyumba za mwanzo.

Nilifika nyumbani nikalala kifudifudi. Ijumaa nzima sikuigusa pikipiki. Nilijisemea, siwezi kumweka Bibi kwenye kiti cha jini. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kutia hina, na pembe yake ameipaka mafuta inang'aa. Usiku nikamwambia yote, nikitazama mkeka.

Bibi alinisikiliza. Halafu akauliza, "Alikudhuru?"

"Hapana."

"Alikitapikia kiti changu?"

"Hapana, Bibi."

"Kumbe wewe mwanamume muhuni. Mimi nashona kiti mpaka vidole vinatoka damu, wewe unampakia mwanamke mwingine!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha mzaha. "Ulimkaribisha kwa kinywa chako, na yeye akasema anapenda arusi. Mgeni hafukuzwi njiani. Lakini dada yangu simwachi kwa ajili ya jini wala binadamu. Kesho tunakwenda."

Asubuhi Fundi Mahadhi na mimi tulimbeba mpaka kwenye kigari. Bibi alifukiza udi kidogo, akasoma dua zake, akagonga ukingo wa bati kwa fimbo. "Sogea, mke mwenzangu," akasema. "Mguu huu haukunjwi." Akauingiza mguu ndani ya ile pua, ukanyooka wote, akaegemea nyuma na kufumba macho. Kwa furaha niliyoiona usoni mwake, miezi minne ile ningeirudia mara kumi.

Bibi yangu si mwembamba. Juu yake kulikuwa na pembe, sufuria ya halua na mkoba wa nguo. Kona zote za kushoto kigari kilitulia. Tukafika ile kona. Nikapunguza mwendo, nikakata polepole, nikisoma bismillahi. Gurudumu likanyanyuka, pamoja na Bibi, pembe na halua!

Nilidhani atakufa kwa hofu. Nikamsikia akipiga kigelegele. Na sauti zilikuwa mbili.

"Tena, mume wangu!" akapiga kelele. "Geuza turudi!"

Tulichelewa kufika Mlingotini kwa sababu hiyo tu.

Bibi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona pua ya kigari inaingia uani na dada yake ndani amekaa kama sultani, alivua viatu akakimbia, na yeye ana miaka sabini na tano. Walikumbatiana pale pale kitini. Walilia, wakatukanana, wakalia tena.

"Umenenepa!"

"Na wewe umekuwa kijiti cha kiberiti, hawakupi chakula?"

Halafu Bibi Zuhura akatazama nyuma ya bega la dada yake, akauliza, "Na huyu mwenzio mwenye leso nyekundu, mbona hashuki?"

Wanawake wote walitazama kigari. Mimi nilitazama. Hapakuwa na mtu.

"Mke mwenzangu," Bibi akajibu. "Mwache, ana haya kama mume wetu." Uani wote wakacheka, wakamwingiza Bibi ndani. Alipiga vugo mpaka alasiri, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na dada yake pembeni anampepea.

Tangu siku ile kila mwezi nampeleka Mlingotini, na wenye arusi wa Bagamoyo wananikodi kubeba mabibi arusi. Fundi Mahadhi amepima gurudumu kwa ubao na kamba mara tatu, haoni kosa. Lakini kona ile, mtu awe mwembamba awe mnene, kigari kinanyanyuka, na mimi huwaambia mapema washike ukingo. Nikipita peke yangu saa sita, nasikia "Tena!" Zamani kuongea na mtu tu kulinishinda. Sasa naongea njia nzima, na vijana wa kijiweni wanasema nimeharibikiwa akili.

Onyo langu ni hili. Ukisikia hodi mahali pasipo mlango, geuka kwanza utazame, ndipo uitike. Yangu yamekuwa mema, lakini si kila anayepiga hodi anataka kucheka tu. Na neno karibu likishatoka halirudi.

Jambo moja linanisumbua. Mgeni kwetu huaga, huomba ruhusa ya kwenda. Huyu hajaaga. Bibi anasema asiulizwe, ni utovu wa adabu. Nawaomba mnaosoma haya, kama kuna aliyewahi kumbeba mtu wa namna hii, Pangani, Saadani, popote, aniandikie anijulishe alikaa kwake muda gani. Na mkiandika, msinishauri namna ya kumfukuza. Nataka kujua tu wanapenda kula nini.