Taja Majina Yako Matatu

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi kwenye wodi ya watoto njiti, hospitali moja huku Temeke. Mjukuu wake ana siku tano na hana jina bado, kwani kwetu jina husubiri siku ya saba. Utepe wa mguuni umeandikwa tu "mtoto wa" fulani, jina la mama yake.

Nikiwa mlangoni, nikamwona nesi anakuja na sindano ya dawa, akamwambia mama wa mtoto, "Mama, taja majina yako matatu."

Shangazi akamkata jicho. "Siku zote tano upo naye, leo humjui?"

"Mie namjua, bibi. Sindano ndiyo haimjui."

Mama wa mtoto akataja. Nesi akasoma utepe, akamwita mwenzake asome karatasi ya dawa kwa sauti. Wakatazamana. Dawa ilikuwa ya mtoto wa kitanda cha pili, ambaye mama yake ana jina la kwanza lile lile.

"Nisamehe, mama, hii si yenu," akasema, akaenda kuandika kosa lake daftarini. Yetu ilipoletwa, shangazi ndiye aliyetangulia kutaja majina yote matatu ya mama.

Sie tukishazoeana, kuulizana jina tunaona dharau. Nimeanza kuona ni mapenzi.

Jana nimemkuta shangazi nyumbani, kashika kidonge cha presha cha mumewe. "Taja majina yako matatu." Mzee, na miaka yao arobaini ya ndoa, akanitazama mie kwanza. Kisha akayataja.